Kabla ya Kununua Kompyuta, Mtafute Fundi wa Pili

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo wakati daftari lilikuwa karatasi na wino, na adui zake walikuwa mchwa, panya na mvua ya masika. Leo daftari la mwenye duka wa Tanga, Pangani au Wete limehamia ndani ya kompyuta na simu, na adui zake wameongezeka. Methali ile haijachakaa hata kidogo. Bali imezidi kuwa kweli. Daftari la karatasi likilowa, kurasa chache hunusurika. Daftari la kompyuta aghalabu hupotea lote kwa mara moja, kioo kikabaki cheusi, wala hakuna wa kuulizwa.

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alikuwa amekaa katika fremu ya fundi mmoja wa kompyuta huko Ngamiani, mjini Tanga. Fundi huyo hana ofisi yenye kiyoyozi. Ana meza, taa, bisibisi za kila namna, na wateja ambao ndio waulishao mji: wauza dawa, wauza vipuri vya pikipiki, wachapaji wa barua, mawakala wa pesa za simu, wenye nyumba za wageni, na wafanyabiashara wavukao bahari kwenda na kurudi Pemba.

Akaingia bibi mmoja wa makamo, mkazi wa Wete, auzaye kanga na vitenge pande zote mbili za mkondo. Alikuwa amebeba kompyuta mpakato iliyofungwa ndani ya kanga kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, bi mkubwa," fundi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii haiwaki tangu juzi usiku. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, nayo ikazima palepale."

"Ina nini ndani?"

"Ina watu wangu wote," akajibu.

Watu wake ni wadeni wake: wale waliochukua nguo kwa mkopo kwa ahadi ya kulipa msimu wa karafuu utakapofika. Ajuaye biashara ya Pemba ajua kwamba asiyekopesha hauzi, na asiyeandika alichokopesha amegawa sadaka bila kunuia. Fundi akauliza swali la pili: "Na nakala iko wapi?" Bibi akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Nakala gani tena, mwanangu? Si zimo humo humo?"

Tutarudi kwa bibi huyu. Kwanza tuyatazame mambo yaliyomfikisha hapo, kwa kuwa hayakuanza naye wala hayataishia kwake.

UMEME UVUKAO BAHARI

Msomaji aliyeko mbali na pwani anaweza kudhani kwamba kisa hiki ni cha uzembe wa mtu mmoja. La hasha. Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 70. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya mafuta. Kwa hiyo taa iwakayo Wete au Mkoani huwashwa na umeme uliopita kwanza Tanga. Ndugu zetu wa Unguja, ambao nao hupelekewa umeme kutoka bara kwa njia ya bahari, hawajausahau mwaka 2008 walipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala kipindi kirefu zaidi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo miezi mitatu ilipita bila umeme wa gridi. Wenye uwezo walinunua majenereta. Mwenye duka dogo alirudi kwenye taa ya mafuta na daftari la karatasi, kama alikuwa nalo.

Sisi wa Tanga tunayo mitambo ya maji ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, na ile ya Maporomoko ya Pangani, ya mwaka 1995, yenye megawati 68. Hata hivyo, kukaa jirani na mtambo si kinga. Umeme wote huingia katika gridi ya Taifa, na tawi la mwembe likiangukia waya wakati wa kusi, mtaa hukatikiwa sawasawa na mtaa wa mji mwingine wowote.

Ndiyo maana fundi wetu, aulizwapo kompyuta ipi inunuliwe, huanza na kitu kingine kabisa. Husema kwamba chombo cha kwanza kununua ni kile kisanduku cha betri kinachokaa kati ya soketi na kompyuta, kimpe mwenyewe dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Kisanduku hicho kisiunganishwe na mashine ya kuchapa ya leza, kwa kuwa mashine hiyo huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kukielemea. Husema pia kwamba kwa duka dogo la mwambao kompyuta mpakato yafaa kuliko ile ya mezani, hata kama bei yake imezidi kidogo, kwa sababu ina betri yake tumboni. Umeme ukikatika, haishtuki.

Pia kuna adui asiyeonekana, nayo ni hewa yetu yenyewe. Chumvi ya bahari haili mabati peke yake. Hula pia shaba ndani ya kompyuta. Mashine ambayo ingeishi miaka kumi Arusha yaweza kuchoka mapema Sahare au Mkoani ikiwa imewekwa dirishani kuelekea baharini. Ushauri wa fundi ni mwepesi na hauna gharama: iwekwe mbali na dirisha, iinuliwe kutoka sakafuni, ipanguswe vumbi, na ifunikwe kitambaa inapokuwa imezimwa. Ikiwa inawaka isifunikwe, kwani itakosa hewa na kuungua.

SOMO LA HAZINA

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, ya wauza kanga na wauza vipuri, wala hayaihusu Serikali. Historia yetu yasema vinginevyo. Kompyuta ya kwanza katika nchi hii iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ukafanyika uamuzi wa kuziingiza hesabu za Serikali katika mashine. Waliokuwa wakiielewa kazi hiyo kwa undani walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ila kwa idhini maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyetaka kujifunza kazi hii alikuwa kama mtu ajifunzaye kuogelea nchi kavu.

Tunaikumbuka habari hii si kwa kuwalaumu wazee wetu, ambao walikuwa wakilinda fedha chache za kigeni za nchi changa. Tunaikumbuka kwa sababu ina mafunzo mawili. La kwanza: chombo kilinunuliwa kabla ya kupatikana watu wa kutosha wa kukitunza. La pili: kilipoleta hasara, aliyehukumiwa ni chombo. Makosa hayo mawili yangali yanarudiwa leo katika kila soko, kwa kiasi kidogo kidogo. Mtu hununua mashine asiyoijua, ikamharibikia, naye akaapa kwamba kompyuta ni ulaghai. Kumbe kosa lilikuwa katika swali ambalo hakuuliza siku ya kununua.

FUNDI WA PILI

Swali lenyewe ni hili: fundi huyu akisafiri, akiugua au akifa, ni nani mwingine wa kukitengeneza chombo hiki? Fundi wa Ngamiani huliuliza hata linapomharibia biashara. "Mimi nikikuuzia kitu ninachokijua mimi peke yangu," alisema, "sijakuuzia chombo, nimekufunga kamba."

Tuchukue mfano ulio hai. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia programu ya Windows 10, baada ya miaka kumi sokoni. Maana yake ni kwamba matundu ya kiusalama yanayogunduliwa hayazibwi tena bure kwa watumiaji wote kama zamani. Programu iliyoifuata, Windows 11, huzikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Nazo kompyuta za mtumba, zilizotumika Ulaya au Uarabuni kabla ya kuletwa kwetu, nyingi ni za umri huo huo. Basi mwenye duka aliyenunua mtumba wake kwa jasho amejikuta na mashine nzima, isiyo na kasoro ya mwili, lakini imeachwa na wenyewe.

Afanye nini? Njia zipo tatu. Ya kwanza ni kununua mpya, kwa aliye na fedha. Ya pili ni kuiacha kama ilivyo lakini kuikata na mtandao, ifanye kazi ya kuandika na kuhesabu tu, na flashi za watu zisiingizwe ovyo. Ya tatu ni kuiwekea programu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, na ambayo hutolewa bure. Linux huenda vizuri katika mashine za zamani, na pamoja na LibreOffice, ambayo nayo ni bure, inatosha kabisa kwa hesabu za duka.

Mwandishi alidhani kwamba fundi angeisifu njia hii ya tatu bila masharti, kwa kuwa yeye mwenyewe huitumia. Haikuwa hivyo. Alisema kwamba huiweka Linux kwa mteja wa mjini Tanga, ambako anawajua mafundi wengine wawili watatu wanaoiweza. Mteja wa Kipumbwi au wa kisiwani humwuliza kwanza, "Huko kwenu, ni nani mwingine anayeijua?" Ikiwa hayupo, humwachia kile ambacho fundi wa jirani anakifahamu, hata kama si kizuri kuliko vyote. Chombo bora kisicho na mtu wa kukitengeneza ni mashua nzuri isiyo na nahodha.

Vivyo hivyo kwa kompyuta za mtumba. Fundi hazidharau, kwani nyingi ni imara. Hushauri mteja achague aina ambayo imejaa mjini, ili chaja, betri na kibodi vipatikane bila kuagizwa mbali. Mashine ya pekee yake, hata ikiwa ya bei rahisi, ni yatima. Kuhusu diski, hupendelea zile za kisasa zisizo na sahani izungukayo, kwa kuwa hustahimili mishtuko ya bodaboda na ya mashua. Lakini huonya kwamba aina hiyo ikifa hufa ghafla, na kuyarudisha yaliyokuwamo ni shida kuliko katika zile za zamani.

DAFTARI LIKO WAPI?

Swali la pili la fundi, baada ya lile la nani atakitengeneza, ni mahali kumbukumbu zinapolala. Hapa ndipo simu inapoingia. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika kwetu mwaka 2008, ikafuatwa na za kampuni nyingine. Leo muuza samaki wa Kigombe huweza kupokea malipo bila kuona noti. Wengi wameifanya simu kuwa duka, benki na daftari kwa pamoja. Ni jambo la kheri, lakini simu huibwa, huanguka majini, na huharibiwa na mtoto. Mwenye busara huweka laini ya biashara katika simu ndogo ya vitufe, ile ambayo vijana huiita kiswaswadu, inayokaa na chaji siku kadhaa. Na kila mwezi huomba kutoka kampuni yake ya simu taarifa ya miamala, akaihifadhi.

Kuna pia wanaoshauri kwamba kila kitu kiwekwe mtandaoni, katika hifadhi za kampuni kubwa zilizo nchi za mbali. Ushauri huo si mbaya, kwani moto ukiteketeza duka la Makorora, kilichohifadhiwa mbali hakiungui. Lakini asidanganywe mtu kwamba mtandao ni hewa. Sehemu kubwa ya mtandao wetu hupita katika nyaya za chini ya bahari, kama vile SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mwenye duka ambaye daftari lake lote lilikuwa ng'ambo hakuweza hata kujua anamdai nani.

Kwa hiyo kanuni ya fundi ni ya nakala tatu. Moja ikae katika mashine ya kazi. Ya pili ikae katika flashi au diski ya nje, katika nyumba nyingine na si katika droo ya duka lilelile, kwa kuwa mwizi na moto havichagui droo. Ya tatu ikae mtandaoni, au iwe karatasi iliyochapwa. Orodha ya wadeni ichapwe kila mwisho wa mwezi, itiwe saini na iwekwe kabatini. Na mara moja moja nakala ifunguliwe kweli, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Aidha, hesabu zihifadhiwe katika jedwali sahili ambalo programu yoyote yaweza kulisoma. Zisifungiwe ndani ya programu ya mtu mmoja, ambaye siku akihama mji ataondoka na ufunguo.

Haya ndiyo maana ya ule usemi wa kale, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi kwamba msala mpya usitandikwe. Tunasema mbachao usitupwe kabla ya kuhakikisha kwamba msala umekuja kukaa.

RISITI NA SIRI ZA WATU

Tangu mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato Tanzania imekuwa ikiwataka wafanyabiashara watumie mashine za kielektroniki za kutolea risiti, na baadaye ikaruhusu pia mifumo ya kutoa risiti hizo kwa simu na kompyuta. Lengo ni jema, nalo ni kodi kulipwa kwa haki. Lakini karatasi ya mashine hizo ni ya kuchapwa kwa joto, na katika joto letu la Januari na Februari maandishi yake hufifia. Mwenye duka atakayeulizwa risiti ya miaka miwili iliyopita anaweza kutoa kikaratasi cheupe. Tunawashauri wote watoe kivuli cha risiti muhimu, au wazipige picha, siku ileile zinapotolewa.

Jambo jingine lisilotajwa sana ni kwamba daftari la wadeni ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo haikuandikwa kwa ajili ya benki peke yake. Mwenye duka anayeuza simu yake kuukuu sokoni ikiwa bado na majina, namba na madeni ya majirani, ameuza aibu za watu pamoja na simu. Fundi wetu haipokei mashine kuukuu kwa ajili ya kuiuza mpaka mwenyewe amekubali ifutwe mbele ya macho yake. Laiti kila fundi angefanya hivyo.

KWA WENYE MAMLAKA

Sasa tuwageukie viongozi na watumishi wa Serikali, wa bara na wa visiwani, kwa heshima na bila kuficha.

Kwanza, uchaguzi wa mwenye duka si wake peke yake. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yameingizwa katika mfumo wa kielektroniki wenye namba za kumbukumbu, na leseni za biashara nazo zimehamia mtandaoni. Yote hayo yamepunguza foleni na rushwa, nasi tunayapongeza. Lakini mfumo unapowajibisha, na uwe na mlango wa dharura. Siku umeme wa kisiwa umekatika au mtandao umezima, mwananchi asitozwe faini kwa kuchelewa ambako hakukuwa kwake. Iwepo fomu ya karatasi, muhuri na siku za ziada, na ofisa wa dirishani apewe madaraka ya kuzitoa bila kungojea simu ya makao makuu.

Pili, mfanyabiashara wa mkondo wa Pemba huhudumia mamlaka mbili za mapato, na risiti ya kila upande ina mfumo wake. Hatudai kwamba zifutwe. Tunaomba wataalamu wa pande mbili wakae meza moja, mfanyabiashara mdogo aweze kutumia chombo kimoja na maelezo yanayofanana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Tatu ni lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilithibitika basi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwamba lugha yetu yaweza kuendesha kompyuta. Hata hivyo, programu nyingi za maduka zinazouzwa mijini zingali kwa Kiingereza kitupu, na binti wa dukani hubonyeza asilolielewa, kumbe ndilo neno la kufuta. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa mifumo nchini. Ikisema kwamba hainunui kisichozungumza Kiswahili, wauzaji watajifunza haraka.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuzalishe fundi wa pili. Tunavyo vyuo vya ufundi stadi, kikiwamo cha VETA hapa Tanga. Vijana wafundishwe si kutumia kompyuta tu, bali kuifungua, kuitibu na kurudisha kumbukumbu zilizopotea; na nafasi zitengwe kwa vijana wa Mkinga, Pangani, Micheweni na Mkoani, ili wakirudi kwao kila mji mdogo uwe na zaidi ya mtu mmoja wa kuaminiwa. Na mabaki ya mashine yatafutiwe mahali pa kupelekwa, kwa kuwa humo mna risasi na sumu nyingine, na kuyachoma jalalani ili kupata shaba ni kuwalisha watoto wetu moshi huo.

MWISHO WA KISA

Fundi alikaa siku mbili na kompyuta ya bibi wa Wete. Bodi ilikuwa imeungua, na diski ilikuwa imejeruhiwa. Alichoweza kuokoa ni majina na madeni ya mpaka mwezi wa Ramadhani. Yaliyoandikwa baada ya hapo hayakuonekana. Bibi aliposikia alikaa kimya, akaivuta kanga yake kichwani. Kisha akampigia simu binti yake auzaye dukani Wete. Kumbe binti huyo, ambaye hakuwahi kuiamini mashine, alikuwa akiandika kila mkopo katika daftari la shule, kwa kalamu ya wino, na hakumwambia mama yake kwa kuogopa kuchekwa.

"Basi sasa ninunue ipi, mwanangu?" bibi akauliza.

"Kwanza, bi mkubwa, mwambie binti asiache kuandika. Halafu kule Wete, fundi wenu ni nani? Na asipokuwepo yeye, ni nani?"

Akataja majina mawili. Fundi akawapigia wote wawili, akawauliza ni aina gani ya mashine wanayoizoea, na hiyo ndiyo akamtafutia: ya mtumba, si mpya wala si ya kupendeza. Akamwekea majedwali yake, akampa na flashi yenye nakala. Bibi akaipokea, akaifunga katika pindo la kanga, pale pale ambapo mama zake walifunga fedha.

Tunawaasa wenye maduka wa mwambao na wa visiwani wafanye kama alivyofanya yeye, ila wasingoje mpaka kioo kiwe cheusi. Na wale waliokabidhiwa mifumo ya umma nao wajiulize leo, kila mmoja mezani pake: chombo chetu kikizima kesho asubuhi, daftari liko wapi, na fundi wa pili ni nani?